Kiota Kando ya Njia

Mazungumzo ya ibada yaliyotangazwa redioni
Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7

Ninyi mlio jikoni mkichochea moto wa chai, ninyi mlio ufuoni Karungu na Muhuru mkianika omena, nanyi mlio safarini kati ya Migori na Homa Bay, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 6 na ya 7. Asiye nayo asikilize tu, maana neno lenyewe ni fupi.

Musa anawaeleza watu wa Israeli habari za msafiri aliye njiani, ambaye mara anakutana na kiota. Huenda kiko juu ya mti, huenda kiko chini majanini. Ndani yake mna mayai au makinda, na mama yao amewafunika kwa mbawa zake. Msafiri huyo anakatazwa kumtwaa mama pamoja na watoto. Lazima amwachilie mama aruke.

Hebu tulifikiri jambo hili. Kitabu kinachosema habari za wafalme, vita, waamuzi na urithi kinasimama kidogo kando ya njia kutazama kiota. Mungu aliyezihesabu nyota hakuona haya kumwekea sheria ndege mmoja. Tena tuitazame ahadi iliyofungwa pamoja na sheria hiyo. Ni ahadi ya heri na ya maisha marefu. Ahadi hiyo tumeisikia mahali pengine. Ni ile ile aliyopewa mtoto anayewaheshimu baba yake na mama yake. Amri moja twaiona kubwa na nyingine twaiona ndogo, lakini Mungu amezipa zote mbili thawabu moja. Mtoto na mzazi wake, kinda na mama yake, wote wako machoni pake.

Ndiyo maana leo twataka kusema na wazazi. Twajua mna mengi. Karo ya shule, ada ya hospitali, bei ya unga. Lakini tuwaulize swali hili: je, mtoto wako anaipenda kazi ya mikono ya Mungu iliyomzunguka? Na kama anaipenda leo akiwa na miaka saba, atakuwa bado anaipenda akiwa na miaka hamsini, akiwa mbali na nyumbani, akiwa na mamlaka ya kuamua mti upi ukatwe na mto upi uachwe? Mzazi anaweza kufanya nini ili upendo huo uingie na usitoke?

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka minane huko Rongo amempiga ndege kwa manati. Anakuja mbio nyumbani, amemshika ndege kwa mguu, macho yanamng'aa. Baba yuko uani. Baba mmoja atacheka na kumsifu kwa shabaha. Mtoto atajifunza kwamba uhai ni kitu cha kulenga. Baba mwingine atachukua fimbo. Mtoto atajifunza kwamba ndege huleta kipigo, na kesho atapiga mwingine mahali ambapo baba haoni. Lakini kuna baba wa tatu. Huyu atakaa chini kwenye kigoda, atampokea yule ndege mikononi, ataukunjua ubawa wake taratibu na kusema, "Tazama rangi hii, mwanangu. Wamjua jina lake? Hula nini? Kiota chake kiko wapi? Nani atawalisha watoto wake jioni hii?" Mtoto yule hatahitaji fimbo. Ataisikia ile sheria ya Musa moyoni kabla hajaweza kuisoma.

Baba wa tatu si mtaalamu, na huenda hata darasa la nane hakufika. Alichotoa ni muda wake na macho yake. Hapo ndipo lilipo neno letu la leo: mtoto hupenda kile ambacho mzazi wake amesimama naye kukitazama. Akiambiwa tu kwamba mazingira ni muhimu, atayajibu hayo katika mtihani na kuyasahau. Akisimamishwa njiani kando ya kiota na mtu anayempenda, atakikumbuka kiota hicho hata uzeeni.

Basi twendelee hatua kwa hatua, tuone mzazi ana nini mkononi mwake.

Jambo la kwanza ni majina. Katika kitabu cha Mwanzo, kazi ya kwanza ambayo Adamu aliifanya kwa kinywa chake ilikuwa kuwapa wanyama majina. Mungu aliwaleta mbele yake, naye akawatazama mmoja mmoja. Huwezi kukipa kitu jina bila kukitazama. Nasi hapa kwetu tumeachiwa urithi mkubwa wa majina. Nyanya akizungumza Kijaluo atakuonyesha siala, ambao nguzo zake hujenga nyumba, na ober wenye kivuli kipana, na ng'owo ambao ndege hukusanyika juu yake matunda yanapoiva. Atakuonyesha okok, yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe akiokota wadudu wanaorushwa na kwato. Mzee wa Kikuria kule Kehancha ana majina yake, na Msuba wa Mfangano ana yake. Lakini watoto wengi leo huita kila ndege "ndege" na kila mti "mti." Jina likisahauliwa, kitu chenyewe huanza kutoonekana. Mzazi, hili halikugharimu hata shilingi moja. Mkipita chini ya mti, sema jina lake. Kesho muulize mtoto. Kama wewe mwenyewe hulijui, mpeleke kwa nyanya yake, nao wote wawili watafurahi.

Jambo la pili ni kutembea pamoja. Katika sura ya 6 ya kitabu kile kile cha Kumbukumbu la Torati, wazazi wanaagizwa wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa wamekaa nyumbani, na tena wakiwa wanakwenda njiani. Njia nayo ni darasa. Lakini mtu akitaka kujifunza njiani, yampasa aende kwa mwendo wa mtoto. Mtoto husimama kutazama siafu wakivuka njia, nasi humvuta mkono tukisema, "Twende, tumechelewa." Bwana Yesu hakuwavuta mkono wanafunzi wake. Aliwasimamisha wawatazame ndege wa angani na maua ya kondeni, akayafanya hayo kuwa mahubiri juu ya uangalizi wa Baba. Kama Mwana wa Mungu alikuwa na nafasi ya kutazama ua, sisi tuna haraka gani kuliko yeye?

Na mtoto akiuliza swali ambalo hulijui, usimfukuze. Neno "Sijui, twende tukaangalie" ni jibu jema kabisa kinywani mwa mzazi. Maswali madogo ya namna hiyo yamewalisha watu. Kule Mbita, kando ya ziwa, kiko kituo cha utafiti wa wadudu cha shirika la icipe, lililoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya aliyetumia maisha yake kuwachunguza wadudu. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa kituo hicho pamoja na wenzao wa Uingereza waliuliza maswali ambayo hata mtoto angeweza kuyauliza. Kwa nini yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi huvutwa na nyasi fulani na kulikimbia jani fulani? Harufu ina kazi gani? Jibu lao wakulima wengi wa pande zetu wanalo shambani leo. Hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Hupanda nepia pembeni mwa shamba, nayo humvuta nondo atoke nje. Tena mizizi ya desmodiamu huizuia kayongo, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mahindi na mtama mpaka vikauke. Mama anayevuna debe zaidi shambani mwake anakula matunda ya watu waliokubali kuinama na kutazama mdudu. Basi mwanao akiinama kutazama mdudu, usiseme anapoteza wakati.

Jambo la tatu ni mikono. Upendo unaoishia machoni hukauka upesi. Mtoto anahitaji kitu kilicho chake cha kutunza: mche mmoja, tuta moja la sukuma, kuku mmoja aliyeatamia. Mungu alipomweka mtu katika bustani ya Edeni alimpa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Wengi wetu tumewafundisha watoto ile ya kwanza tu. Hushika jembe wakiwa wadogo, tena mara nyingi kama adhabu. Mtoto aliyekosa huambiwa, "Nenda ukalime!" Je, tutashangaa akikua akiuchukia udongo?

Twaweza kujifunza kwa mama mmoja wa Nyeri. Katika kijiji cha Ihithe, miaka ya 1940, alimpa binti yake mdogo kipande cha bustani kiwe chake mwenyewe. Binti alipanda mbegu, kisha kwa haraka ya kitoto akawa anafukua udongo kuona kama zimeota. Mama hakumkaripia. Alimwambia azifunike, aziache, zitachipuka zenyewe. Mama huyo huyo alimwonya binti asiokote kuni za mti wa mugumo uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa watu wa pale waliuheshimu mti huo kama mti wa Mungu. Binti alicheza kwenye kijito kile, akijaribu kuyashika mayai ya chura kama shanga, na shanga zikamponyoka kila mara. Alipokua na kusoma hadi ng'ambo, alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Akalia moyoni, kisha akaanza kupanda miti. Mwaka wa 1977 alianzisha Mwendo wa Mshipi wa Kijani, na mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Jina lake ni Profesa Wangari Maathai. Alipotoa hotuba yake kule Oslo mbele ya ulimwengu mzima, alikieleza kijito kile cha utoto wake. Mama yake hakuwa profesa. Alikuwa na shamba, na subira, na binti aliyempenda. Ni nani kati yetu, wazazi wa Migori na Homa Bay, anayekosa vitu hivyo vitatu?

Lakini tukisema habari za mikono, tuseme pia habari za shoka. Mtoto hutazama mikono ya mzazi kuliko anavyosikiliza mdomo wake. Katika Kaunti ya Migori tumbaku imelimwa kwa miaka mingi, na kuikausha kumekula kuni nyingi sana. Vilima vingi vilivyokuwa na miti vilibaki uchi. Hatumhukumu mtu aliyetafuta karo kwa njia hiyo. Twajua shida ilivyo. Ila twasema hivi: kama mtoto amemwona baba akikata miti kumi na hajamwona akipanda hata mmoja, wimbo wa mazingira aliofundishwa shuleni hautamfaa kitu. Musa aliwakataza hata askari waliozingira mji wasikate miti ya matunda ili kuujenga boma la vita. Ikiwa shoka lilitiwa adabu wakati wa vita, litashindwaje kutiwa adabu wakati wa amani? Baba, ukikata, panda mbele ya mtoto, na umwache yeye ashike mche ukiufukia.

Jambo la nne ni hofu, na hapa yatupasa kusema kweli. Nchi yetu si picha ya kalenda. Ziwa linatulisha, lakini lina mamba na viboko, na maji yenye konokono huleta kichocho. Bonde la Lambwe lilikaa muda mrefu na watu wachache kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, ulioua watu na ng'ombe. Mzazi anayemwambia mtoto asiogelee mahali fulani anafanya wajibu wake. Hatari lazima zitajwe, nazo zitajwe wazi, kwa sababu zake.

Hata hivyo kuna hofu ya hekima na kuna hofu ya giza. Hofu ya hekima husema, "Kiboko ana njia yake jioni, tusisimame humo." Hofu ya giza husema, "Bundi amelia juu ya paa, mtu atakufa, mpigeni mawe." Bundi, ambaye twamwita tula, ameuawa mara ngapi bure katika miji yetu! Naye usiku kucha huwinda panya wanaokula mahindi yetu ghalani. Sisi tulio wa Kristo tumewekwa huru mbali na hofu ya aina hiyo. Uhai wa mtu uko mkononi mwa Mungu, haumo mdomoni mwa ndege. Basi usiku bundi akilia, mzazi, mchukue mtoto mpaka mlangoni, msikilize pamoja, umwambie ni nani aliyemwumba na anakula nini. Usiku ule utang'oa mizizi ya ushirikina ambayo mahubiri mengi yangeshindwa kuing'oa.

Jambo la tano ni hadithi. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, yana rangi ya kijani, na flamingo huja kujilisha humo. Wenyeji husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji. Bibi kizee mmoja, mgeni na maskini, alifika jioni watu wakiwa katika karamu, akaomba chakula na mahali pa kulala. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaonywa aondoke upesi. Mvua kubwa ikanyesha, na kijiji kikazama pamoja na wote waliokuwamo. Wataalamu husema bonde la ziwa hilo ni kazi ya volkeno ya kale, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini mtoto aliyesimuliwa hadithi ile akiwa amesimama ukingoni, flamingo wakitembea mbele yake majini, hawezi tena kuliona lile ziwa kuwa shimo la maji tu. Atakumbuka mgeni aliyefukuzwa. Na mwandishi wa Waebrania anatukumbusha kwamba wako watu waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Nchi yenye hadithi ni vigumu kuisahau. Mzazi, zisimulie za kwenu kabla simu haijasimulia za wengine.

Sasa twafika mahali pazito. Kwa nini tunahimiza haya kana kwamba muda umetuishia? Kwa sababu mtu hawezi kukisikitikia kitu asichokijua.

Tutazame lile Bonde la Lambwe. Mwaka wa 1966 sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka wa 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Humo anakaa korongo. Hatusemi ndege korongo, bali yule paa mkubwa kama farasi, mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso mweusi wenye mabaka meupe. Kenya nzima, korongo wa porini wamebaki Ruma peke yake. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa kama 200 bondeni humo. Sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilihesabu 15. Darasa moja la shule ya msingi lina watoto wengi kuliko hao. Mitego ya nyaya, mioto na wanyama wakali vimewapunguza, nao walinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wanajitahidi kuwaokoa. Lakini tuulize: watoto wangapi wa Homa Bay wanaozaliwa mwendo mfupi kutoka hapo wamewahi kumwona korongo, au hata kusikia jina lake? Akitoweka kesho, nani atalia?

Tena katika nyasi za Ruma hufika mgeni mwingine, mbayuwayu wa bluu. Ni ndege mdogo, manyoya yake yanang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Huzaliwa mbali kusini, Malawi, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Zimbabwe na hata Afrika Kusini, na mara nyingi kiota chake huwa ndani ya shimo la ardhini, kama vile shimo lililochimbwa na muhanga. Karibu mwezi wa Aprili hufika kwetu, na Septemba hurudi. Husafiri maelfu ya kilomita, na hakuna aliyemchorea ramani. Mahali nyasi zinapolimwa zote au kupandwa misitu ya misonobari, yeye hana tena pa kukaa, na idadi yake duniani ni ndogo. Mtunga Zaburi aliona mbayuwayu amejipatia makao karibu na madhabahu ya Bwana. Ndege huyu amepatiwa makao karibu na milango yetu, na wengi wetu hatujamkaribisha hata kwa kumtazama.

Na ziwani vivyo hivyo. Mbuta aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ameleta fedha, na watoto wengi wamesomeshwa kwa minofu yake. Lakini kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, zilipungua au zikapotea kabisa. Wazee wanaojua ladha ya ngege wa zamani wanazidi kupungua nao. Mjukuu hajui kilichopotea, basi hana huzuni, na asiye na huzuni hatalinda kilichobaki.

Wazazi wapendwa, hii ndiyo sababu twasema na ninyi kwanza. Serikali ina wajibu wake, na shule zina wajibu wake. Lakini askari wa wanyamapori hawezi kumlinda korongo kwa bunduki milele, ikiwa watoto wanaokua kando ya ua hawana habari naye. Mlinzi wa kweli ni yule mtoto ambaye baba yake alimchukua siku moja, pengine pamoja na watoto wa Shule ya Jumapili, wakachanga nauli, wakaingia Ruma, wakatulia kimya wakatazama nyasi mpaka twiga akatokea. Mtoto huyo akiwa mkulima, atajua kwa nini asitege waya. Akiwa mwalimu, atafundisha kwa moyo. Akiwa na cheo, atatia sahihi kwa woga wa Mungu. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Labda kuna mzazi anayesema, "Mimi naishi mjini Migori katika chumba cha kupanga, sina hata uwanja." Ndugu yetu, mkebe wa mafuta uliotobolewa chini unaweza kubeba mche mmoja wa mpapai mlangoni pako. Mawingu ya masika hupita juu ya nyumba ya kupanga kama yanavyopita juu ya boma. Mwambie mtoto atoke, ahesabu sekunde kati ya umeme na radi. Na mwingine asema, "Wangu amekuwa mkubwa, hasikii tena." Yule mama wa Ihithe alisema kweli juu ya mbegu. Usiifukue. Ipande hata sasa, uifunike kwa maombi, uiache. Mwenye kuotesha ni Mungu.

Basi wiki hii tuwaombe mfanye mambo matatu tu. La kwanza, chagueni mti mmoja karibu na nyumba, mmwambie mtoto jina lake kwa lugha ya mama na kazi yake. La pili, Jumapili mkitoka kanisani msiharakishe. Rudini kwa mwendo wa mtoto, na pale atakaposimama, simameni naye. La tatu, mvua ikianza, pandeni mti mmoja ulio wa mtoto, naye ndiye aumwagilie maji, na asiukate mtu bila kumwuliza.

Siku moja mtoto huyo atakuwa njiani peke yake, nanyi hamtakuwapo kumwangalia. Kando ya njia atakiona kiota, na mama amewafunika watoto wake. Hakuna atakayemwona akinyosha mkono au akiuzuia. Wakati huo ndipo itakapojulikana mlimfundisha nini. Mungu ameweka ahadi yake pale pale, kando ya kiota kile.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa mbingu na nchi, twakushukuru kwa ziwa, kwa vilima vya Gwassi na Gembe, kwa mto Kuja na mto Migori, na kwa kila kiumbe ulichokipa pumzi. Utusamehe kwa kuvipita vitu vyako bila kuvitazama. Wape wazazi subira ya kutembea na watoto wao. Wape watoto macho yanayoona na mikono inayotunza. Walinde wale wachache waliobaki bondeni, na wale warukao kutoka mbali kuja kwetu. Utufanye tuwe waangalizi waaminifu mpaka ajapo Mwanao, ambaye kwa yeye vitu vyote vilifanyika. Twaomba katika jina lake. Amina.

Wapendwa, kaeni na amani. Bwana akipenda, tutakutana tena katika kipindi kijacho.